Indeksi za MySQL Workbench zinapogoma: dalili, chanzo na dawa yake

Malalamiko huja mwisho wa mwezi. Karani wa chama cha maziwa upande wa Njoro anabofya orodha ya malipo, skrini inazunguka tu, na wakulima wako foleni nje ya dirisha. Aliyejenga mfumo, mara nyingi kijana wa Nakuru au Kisumu anayehudumia vyama viwili vitatu kwa pamoja, anafungua mchoro wake kwenye MySQL Workbench, programu ya kuchorea hifadhidata za MySQL, anaongeza indeksi (orodha inayoisaidia seva kupata mistari haraka), anahifadhi faili. Kesho yake orodha inachelewa vilevile.

Inachelewa kwa sababu mchoro si hifadhidata. Indeksi uliyoiweka kwenye mchoro ina safari ya vituo vinne: faili la modeli lenye kiishio .mwb, skripti ya SQL inayotolewa humo, seva yenyewe, na mwisho ile sehemu ya seva inayochagua njia ya kujibu ulizo (query). Inaweza kupotelea kituo chochote, na dawa ya kituo kimoja haiponyi kingine. Kwa hiyo kabla hujabadilisha mpangilio wowote, iulize seva swali moja:

SHOW INDEX FROM mapokezi;

Indeksi yako isipoonekana kwenye jibu, tatizo liko kwenye modeli au skripti. Ikionekana na ulizo bado linakokota, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya EXPLAIN huko chini. Nimeona watu wakihangaika na kumbukumbu ya seva siku nzima kwa ajili ya indeksi ambayo haikuwahi kuundwa.

Mifano yote hapa inatumia majedwali mawili. `wanachama` lina nambari ya uanachama, jina, simu na nambari ya kitambulisho. `mapokezi` lina mwanachama, kituo alichopeleka maziwa (Njoro, Elburgon, Molo), wakati, zamu ya asubuhi au jioni, na lita.

Umeongeza indeksi, hakuna kosa lililotokea, lakini seva haina habari nayo

Hii ndiyo dalili inayosumbua wengi zaidi, na inasumbua kwa sababu kila kitu kinaonekana kimeenda sawa. Ulifungua jedwali kwenye mchoro, ukaingia kichupo cha Indexes, ukaandika jina, ukachagua aina, ukatia alama kwenye safu. Ukaenda menyu ya Database, ukachagua Forward Engineer, ukabonyeza Next mpaka mwisho. Alama zote za kijani.

Fungua ile skripti kabla ya kuituma, uisome. Utakuta mistari inayoanza na `CREATE TABLE IF NOT EXISTS`. Maana yake ni kwamba jedwali likiwa tayari lipo, seva inaliruka lote pamoja na indeksi zilizoandikwa ndani yake, na inachoacha ni onyo tu, nambari 1050, ambalo hakuna anayelisoma. Forward Engineer ni ya kujenga mara ya kwanza. Jedwali ambalo tayari lina data linahitaji Synchronize Model, kwenye menyu hiyohiyo ya Database. Hiyo inalinganisha modeli na seva, kisha inaandika `ALTER TABLE` za tofauti peke yake.

Kuna kisanduku ndani ya Forward Engineer kinachosema DROP objects before each CREATE object. Ukikitia alama, indeksi yako itaundwa kweli, na mapokezi ya mwaka mzima yatafutika. Usikiguse kwenye seva ya kazi hata kama umechoka. Na hata kwa Synchronize, chukua nakala ya data kwanza kwa `mysqldump`, halafu soma kila mstari wa `ALTER` kabla ya kukubali. Ukiona `DROP COLUMN` ambayo hukuitarajia, simama hapo: mtu aliongeza safu moja kwa moja kwenye seva, na modeli yako haiijui.

Chanzo cha pili ni jina. Modeli mpya ya Workbench huanza na hifadhidata iitwayo `mydb`, na wengi hawabadilishi. Seva yako ina `maziwa`, modeli ina `mydb`. Ukituma, indeksi zinaundwa vizuri kabisa ndani ya hifadhidata mpya tupu. Andika `SHOW DATABASES;` na ukiiona `mydb` kwenye orodha, umejua. Badilisha jina ndani ya modeli, kisha ulinganishe upya.

Cha tatu ni kuchanganya madirisha mawili yanayofanana. Jedwali linaweza kufunguliwa kutoka kwenye mchoro, au kutoka kwenye orodha ya seva upande wa kushoto. Vichupo ni vilevile. Tofauti ni kwamba lile la seva lina kitufe cha Apply chini yake, nalo hubadilisha hifadhidata papo hapo. La mchoro hubadilisha faili lako pekee.

Hitilafu 1064 karibu na neno VISIBLE

Ukipata ujumbe unaosema kuna kosa la sarufi, na kipande cha SQL kilichonukuliwa kinaanza na VISIBLE, huna haja ya kutafuta mkato uliosahau. Workbench ya toleo la 8.0 huandika indeksi namna hii:

INDEX `idx_kituo_wakati` (`kituo_id` ASC, `wakati` ASC) VISIBLE

Neno hilo la mwisho liliingia MySQL 8.0, pamoja na uwezo wa kuficha indeksi bila kuifuta. MySQL 5.7 hailijui. MariaDB, seva iliyotokana na MySQL, nayo hailijui. Yenyewe ina neno lake tofauti kwa kazi hiyo. Na hapa ndipo wanafunzi na wajenzi wengi wa kwetu wananaswa, kwa sababu wanatumia XAMPP, kifurushi cha seva za majaribio, kwenye laptopu. Paneli ya XAMPP imeandikwa MySQL, lakini kilichomo ndani ni MariaDB tangu mwaka 2015. Thibitisha kwa `SELECT VERSION();` na kama jibu lina neno MariaDB, chanzo umekipata.

Dawa si kufuta neno VISIBLE kwa mkono katika kila skripti, maana litarudi kila ukituma. Ingia menyu ya Model, kisha Model Options, nenda sehemu ya MySQL, ondoa alama inayosema modeli ifuate mipangilio ya jumla, na uweke toleo lengwa 5.7. Ili modeli zako mpya zianze hivyo, badilisha pia kwenye Edit, Preferences, Modeling, MySQL. Toa skripti upya na neno litakuwa limeondoka.

Ukishavuka hapo, huenda ukakutana na 1273, inayolalamikia ulinganishi wa herufi (collation) `utf8mb4_0900_ai_ci`. Ukoo ni uleule: ni wa MySQL 8.0, na MariaDB nyingi zilizoko kwenye seva za kukodi haziujui. Weka `utf8mb4_unicode_ci` kwenye hifadhidata na kwenye majedwali. Lakini uweke kote, si jedwali moja moja; sababu utaiona mbele.

Hitilafu 1071: ufunguo mrefu kupita kiasi

Umeweka indeksi kwenye `jina` lenye VARCHAR(255), yaani maandishi ya hadi herufi 255, na seva inakwambia kikomo ni baiti 767. Hesabu ni rahisi. Herufi moja ya utf8mb4 inahesabiwa baiti 4, kwa hiyo 255 mara 4 ni 1020. Kikomo cha 767 ni cha InnoDB, injini ya MySQL inayohifadhi majedwali, kwa majedwali yenye mpangilio wa mistari wa zamani, COMPACT au REDUNDANT. Kwa mpangilio wa DYNAMIC kikomo ni 3072. Nenda kichupo cha Options, utafute Row Format, uweke Dynamic. Seva ikiwa ya zamani sana na haikubali, tumia kisanduku cha Length kando ya safu ndani ya kichupo cha Indexes na uandike 191, ambayo inatoa baiti 764.

Hata hivyo, uliza kwanza kama safu inahitaji 255. Nambari ya uanachama ya tarakimu tano haihitaji. Namba hiyo ya 255 huwa imeandikwa kwa mazoea tu.

Hitilafu 1170 ni ndugu yake: safu ya TEXT haiwezi kuwekewa indeksi ya kawaida bila urefu. Jaza Length. Ila indeksi ikiwa ya UNIQUE (isiyoruhusu marudio), fahamu kwamba ukiweka urefu wa 20, upekee unapimwa kwa herufi 20 za mwanzo pekee, na maelezo mawili tofauti yanayoanza sawa yatagongana.

Hitilafu 1062 unapoweka UNIQUE

Data iliyomo tayari ina marudio. Yatafute:

SELECT nambari_kitambulisho, COUNT(*)
FROM wanachama
GROUP BY nambari_kitambulisho
HAVING COUNT(*) > 1;

Mara nyingi mstari wa kwanza wa jibu ni thamani tupu yenye hesabu kubwa. Fomu imehifadhi maandishi matupu kwa kila mwanachama ambaye hakuja na kitambulisho. UNIQUE huruhusu NULL (alama ya kutokuwepo kwa thamani) nyingi upendavyo, lakini maandishi matupu mawili kwake ni marudio. Ruhusu NULL kwa kuondoa alama ya NN kwenye kichupo cha Columns, geuza thamani tupu kuwa NULL, rekebisha fomu, ndipo uweke indeksi.

Kwenye simu mambo ni tofauti, na hapa nina msimamo: usiweke UNIQUE kwenye nambari ya simu ya mkulima. Mama na mwanawe wanatumia laini moja. Mzee asiye na simu anaandikisha ya jirani ili pesa zimfikie. Ukilazimisha upekee, karani atabuni nambari ili fomu ipite, na siku ya malipo pesa zitakwenda kwa mtu asiyehusika. Indeksi ya kawaida inatosha. Utambulisho ubaki kwenye nambari ya uanachama.

Indeksi haifutiki, au ufunguo wa kigeni haukubali kuundwa

Ukichora uhusiano kati ya majedwali mawili, Workbench inaongeza indeksi yenyewe, yenye jina linaloanza na `fk_` na kuishia na `_idx`. Ukijaribu kuifuta kwenye mchoro, chombo kitakataa mpaka ufute ufunguo wa kigeni (foreign key, kanuni inayofunga uhusiano huo) wenyewe. Ukijaribu kwenye seva utapata 1553. Seva ina haki: InnoDB inahitaji indeksi inayoanza na safu ya ufunguo huo. Kama tayari una indeksi nyingine inayoanza na safu hiyohiyo, ile ya `fk_` inaweza kuondolewa kwenye seva bila kosa.

Ufunguo ukikataa kuundwa kwa 3780, aina za safu mbili hazilingani. Angalia kisanduku cha UN kwenye kichupo cha Columns: `mwanachama_id` upande mmoja ni INT isiyo na hasi, upande wa pili ni INT ya kawaida. Kwa 1822, safu inayorejelewa haina indeksi. MySQL 5.7 huyafunika yote mawili kwa 1215 isiyoeleza chochote; andika `SHOW ENGINE INNODB STATUS;` na usome kipande cha LATEST FOREIGN KEY ERROR.

Ukinakili jedwali zima ndani ya mchoro, kagua majina. Jina la indeksi linaweza kurudiwa kwenye jedwali jingine, lakini jina la ufunguo wa kigeni lazima liwe la pekee katika hifadhidata nzima.

Indeksi ipo, SHOW INDEX inaionyesha, na ulizo bado ni zito

Sasa modeli imemaliza kazi yake, na EXPLAIN ndiyo ya kushika. Weka neno hilo mbele ya ulizo linalochelewa:

EXPLAIN SELECT mwanachama_id, SUM(lita)
FROM mapokezi
WHERE kituo_id = 4
AND wakati >= '2025-05-01' AND wakati < '2025-06-01'
GROUP BY mwanachama_id;

Soma safu nne: `type`, `possible_keys`, `key` na `rows`. `type` ikiwa ALL, seva inasoma jedwali lote mstari kwa mstari. `key` ni indeksi iliyochaguliwa, na `rows` ni makadirio ya mistari itakayopitiwa.

Anza na mpangilio wa safu ndani ya indeksi, maana ndiko makosa mengi yaliko. Indeksi ya (`wakati`, `kituo_id`) na ile ya (`kituo_id`, `wakati`) si kitu kimoja. Ni kama madaftari ya mapokezi kabatini: yakipangwa kwa kituo kisha tarehe, unachukua la Molo na kufungua Mei, yakipangwa kwa tarehe kwanza, unapekua Mei yote ya vituo vyote ukichambua ya Molo. Kanuni ninayoifuata ni safu za usawa (=) mbele, safu ya masafa (kuanzia hapa hadi pale) nyuma. Kwenye Workbench, mpangilio hufuata jinsi ulivyotia alama, na nambari kando ya safu ndiyo inayoonyesha nani wa kwanza. Wengi hutia alama kutoka juu kwenda chini kwa jinsi safu zilivyoorodheshwa kwenye jedwali, na `wakati` ikiwa juu ya `kituo_id`, indeksi inatoka kichwa chini. Ondoa alama zote, uzitie upya kwa utaratibu unaoutaka.

Kwa ulizo hili ningeenda mbali kidogo: indeksi ya `kituo_id`, `wakati`, `mwanachama_id`, `lita`. Hapo seva inapata kila inachohitaji ndani ya indeksi bila kugusa jedwali, na kwenye EXPLAIN safu ya Extra itakuwa na maneno Using index. Ripoti inayotolewa kila mwisho wa mwezi inastahili gharama hiyo.

Kwa kawaida indeksi yenye safu hizo haimsaidii anayetafuta kwa `wakati` pekee. Mara nyingi seva haianzi katikati ya indeksi.

Kisha angalia kama sharti limeifunga safu ndani ya kazi (function). `WHERE MONTH(wakati) = 5` hulazimisha seva kukokotoa mwezi wa kila mstari, na indeksi ya `wakati` inabaki bila kazi. Andika masafa kama nilivyofanya juu. `LIKE '%korir'` vilevile: alama ya asilimia mwanzoni inafuta faida ya indeksi, mwishoni haiifuti.

Lililo gumu kugundua ni aina ya thamani. Nambari ya uanachama ni VARCHAR kwa sababu ina sifuri mbele, `'00417'`. Programu inatuma `WHERE nambari_uanachama = 417` bila alama za kunukuu. Jibu linakuja sahihi, kwa hiyo hakuna anayeshuku. Lakini seva imelazimika kugeuza kila nambari ya uanachama kuwa tarakimu kabla ya kulinganisha, na indeksi imeachwa. EXPLAIN itaonyesha indeksi yako kwenye `possible_keys` huku `key` ikiwa NULL. Andika `SHOW WARNINGS;` mara tu baada yake na utakuta onyo 1739 linalotaja sababu. Rekebisha programu, itume maandishi.

Onyo hilohilo hutokea majedwali mawili yanapounganishwa kwa safu za maandishi zenye seti tofauti za herufi, kwa mfano jedwali la zamani la latin1 na jipya la utf8mb4. Ndiyo sababu nilisema seti ya herufi iwekwe kote. Geuza la zamani kwa `ALTER TABLE ... CONVERT TO CHARACTER SET utf8mb4`, baada ya kuchukua nakala.

Usishtuke jedwali la vituo lenye mistari tisa likionyesha ALL. Kulisoma lote ni rahisi kuliko kupitia indeksi. Na kama umeingiza data nyingi kwa mkupuo, endesha `ANALYZE TABLE mapokezi;` ili takwimu za seva zifufuke kabla ya kulaumu kitu kingine.

Ukiwa umechagua HASH kwenye Storage Type (namna ya kupanga indeksi) ukitumaini kasi, ujue InnoDB itaunda BTREE bila kutoa hitilafu. Acha ilivyo.

Kumtafuta Ng'etich bila kumpata

Indeksi ya FULLTEXT (ya kutafuta maneno ndani ya maandishi) kwenye `jina` ni nzuri, lakini majina ya huku yana kitu ambacho kinahitaji uangalifu. Ng'etich, Ong'ayo, Ang'awa: kwa mujibu wa nyaraka za MySQL, ritifaa (') iliyonyooka huhesabiwa kuwa sehemu ya neno, kwa hiyo jina hutarajiwa kubaki zima. Simu nyingi, hata hivyo, huweka ritifaa iliyopinda. Hiyo hukata neno vipande viwili, Ng na etich, na Ng hutupwa kwa sababu urefu wa chini wa neno kwa InnoDB ni herufi 3. Karani anatafuta Ng'etich, mwanachama yupo, haonekani. Na anayeandika Ngetich bila ritifaa naye hatampata.

Safisha wakati wa kuingiza: geuza ritifaa zilizopinda kuwa zilizonyooka, na uweke safu ya pili `jina_tafuta` isiyo na ritifaa kabisa, ambayo ndiyo utaiwekea indeksi. Neno linalotafutwa nalo lipitie usafi huohuo. Jina la mtu liandikwe anavyoliandika mwenyewe kwenye `jina`; hilo ndilo litakalochapwa kwenye risiti yake.

Kuandika kumekuwa kuzito

Baada ya kuonja faida ya indeksi, mtu huziweka kila safu. Kila mapokezi mapya sasa yanaandikwa jedwalini na ndani ya kila indeksi, na saa moja asubuhi vituo vyote vinatuma kwa wakati mmoja. Kwenye MySQL 5.7 na 8.0 tazama `sys.schema_redundant_indexes` kwa zile zinazofunikwa na nyingine, na `sys.schema_unused_indexes` kwa zisizotumika tangu seva iwashwe. Usiamini hiyo ya pili kabla mwisho wa mwezi haujapita, maana ripoti za malipo huendeshwa wakati huo tu.

Kwenye 8.0, ifiche kwanza kabla ya kuifuta: `ALTER TABLE mapokezi ALTER INDEX idx_zamu INVISIBLE;`, au ondoa alama ya Visible kwenye Workbench kisha ulinganishe. Mzunguko mmoja wa malipo ukipita bila lalamiko, ifute kwenye seva, na siku hiyohiyo uifute kwenye faili la .mwb na kumpelekea mwenzako nakala mpya. Akibaki na modeli ya zamani, Synchronize yake ya kwanza itairudisha.